Bei ya Ndugu: Safari ya Kuwatembelea Jamaa Katika Sharqiya ya Oman

Niko Muscat, au Maskati kama wanavyouita wazee wetu mji huu. Katika mazungumzo ya leo nakuomba tufuatane kwa gari hadi Sharqiya, upande wa mashariki ya Oman, kisha turudi kwa njia ya pwani. Hatuendi kutazama ngome wala kuogelea mabondeni, ingawa ngome zipo na maji yapo. Tunakwenda kuwaona jamaa, na kila jamaa tutakayemwona ana biashara yake ndogo anayoitegemea.

Safari ilichukua siku nne, Jumanne hadi Ijumaa, katika miezi ya baridi, wakati ambapo jua la Oman humwonea mtu huruma. Niliyekuwa nikimwendesha ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 76, mzaliwa wa Unguja. Mapajani alipakata mkoba mweusi, na ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha yenye riyali 600. Kwa kuwa riyali ya Oman imefungamanishwa na dola ya Marekani tangu mwaka 1986 kwa thamani ya takriban dola 2.6, unaweza kukisia, msikilizaji, kwamba hizo si fedha za kuchezea.

Fedha zenyewe si za mama. Ni za sanduku la ukoo. Kila mtu mzima katika ukoo wetu hutia riyali 5 kwa mwezi, na sanduku husaidia penye msiba, ugonjwa au harusi. Kinachobaki mwisho wa mwaka hukopeshwa jamaa mmoja mwenye biashara, bila riba. Safari hii maombi yalikuwa mawili, na wazee wakashindwa kuafikiana. Hatimaye wakamwambia mama, ambaye amezaliwa katika ukoo huu na akaolewa humuhumu, kwani marehemu baba alikuwa binamu yake: "Nenda ukaone kwa macho yako. Utakaloamua tumeliridhia."

Pengine utauliza imekuwaje jamaa wote hawa wakageuka wafanyabiashara. Waliokuja kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo, waliikuta nchi yenye mafuta lakini yenye shule tatu tu, na barabara ya lami isiyozidi kilomita kumi hivi. Mtu aliyesoma Unguja, mwenye Kiingereza chake na hesabu zake, hakukaa sana kabla ya kupata kazi katika wizara, benki au kampuni ya mafuta. Kizazi hicho kiliwalea watoto kwa mishahara. Kisha bei ya mafuta ikaanguka mwaka 2014. Mwaka 2020 serikali ikawastaafisha wengi wa watumishi wake waliotimiza miaka 30 kazini, na huku vijana wenye shahada wakawa wanangoja kazi miaka nenda miaka rudi. Duka, jiko na cherehani, ambavyo zamani vilikuwa vya kupitishia wakati, vimegeuka kuwa riziki.

Na hapo ndipo linapozuka jambo ambalo kila Mswahili analijua, nalo ni bei ya ndugu. Mwenye duka akiwa nduguyo, je, utalipa? Ukilipa bei kamili utaonekana umemfanya mgeni. Usipolipa, umemla. Mwenyewe naye atakuapia kwa Mungu kwamba hapokei kitu, na ukiitikia upesi atakukumbuka kwa hilo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bidbid, ambapo njia ya Sharqiya inaachana na ile ya Nizwa. Hapo shemeji yangu, mmoja wa wale waliostaafu mwaka 2020, amefungua kibanda cha chai ya karak, yaani chai nzito ya maziwa ya kopo na hiliki, kwa baisa 200 kikombe. Jioni huchoma mishkaki. (Waomani wasiojua neno jingine la Kiswahili nao huiita nyama hiyo mishkaki, kama wanavyoyaita mandazi mandazi.) Tulikunywa vikombe vitatu. Shemeji akaapa. Mama hakubishana naye. Alimwita mtoto wa shemeji, akampa riyali moja "ya peremende", tukaondoka. Ndani ya gari akaniambia: "Mtu akifungua duka, jamaa ndio wateja wa mwanzo. Na wakila bure, ndio wezi wa mwanzo."

Tulilala Ibra ili tuamkie Jumatano. Ibra na vijiji vya jirani, kama al-Mudhayrib, ndiko zilikotoka nyingi katika koo zilizokwenda Afrika Mashariki katika karne ya 19, kwa hiyo kusikia Kiswahili dukani huko si ajabu. Na Jumatano asubuhi ni siku ya soko la wanawake. Wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake. Mimi, kwa adabu, nilibaki nje ndani ya gari, na ninayokueleza ni ya mama. Anasema mlikuwa na vitambaa, udi, wanja, hina, vyungu vya kufukizia, nguo za watoto, na kelele. Ndani humo ana meza shangazi yangu, anayeuza kofia.

Kofia ya Kiomani, wanayoiita kumma, ni ndugu wa damu wa kofia ya viua ya Unguja na Lamu. Ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa, kisha kitambaa hutobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono ili kisifumuke na kichwa kipate hewa. Mashine inaweza kuiga nakshi. Vitundu vile haiviwezi, na mwenye jicho huvitambua akiwa upande wa pili wa chumba.

Shangazi, ambaye ana miaka 69, anasema kofia moja humchukua wiki sita, akishona baina ya sala na sala. Huiuza riyali 45. Ukitoa riyali 2 za kitambaa na uzi, zinabaki 43 kwa siku 42. Riyali moja na baisa chache kwa siku. Kofia ya mashine huuzwa riyali 2 au 3, na kijana anayeibadilisha kila mwezi haoni sababu ya kununua ya shangazi mpaka siku anapooa. Wapo pia madalali wanaozinunua kwake na kwenda kuziuza Muscat kwa bei ambayo hapendi kuisikia. Watoto wake wa kike hawakujifunza. Mmoja ni muuguzi na mwengine ni mwalimu, na alipokuwa akilieleza hilo sauti yake, asema mama, ilikuwa ya fahari na ya huzuni kwa pamoja.

Kwa mujibu wa sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2023, tangu Januari 2024 Muomani aliyetimiza miaka 60 hupata riyali 115 kila mwezi. Shangazi huzipata. Mama akamuuliza, "Wifi yangu, kwa nini bado unayaua macho yako?" Akajibu kwamba riyali 115 ni za serikali, lakini 45 ni zake. Hakuomba chochote katika sanduku. Mama aliagiza kofia moja kwa ajili ya mjukuu anayekaribia kuoa, akatoa riyali 45 kutoka mfukoni mwake, zote, na shangazi akazihesabu mbele yake pasipo kuapa. Hao wawili wamezoeana miaka hamsini.

Jamaa wa pili sitautaja mji wake, kwani ni mdogo na watu watamjua. Ni mtoto wa ami yangu, mwenye duka la kushonea kanzu, na alikuwa mmoja wa wale waliopeleka ombi. Alitaka riyali 600 zote, za kupanua duka na kuongeza cherehani mbili. Tulimkuta amekaa mlangoni, amevaa vizuri, ametia manukato katika kile kishada cha shingoni cha kanzu yake. Ndani, fundi kutoka Bangladesh alikuwa ameinamia kazi.

Mama aliamkiwa, akakaa, akanywa kahawa na kula tende. Kisha akashika ncha ya jora la kitambaa cheupe, akauliza: "Baba, yadi moja ya hiki siku hizi ni kiasi gani?" Binamu akamtazama fundi. Fundi akataja bei. "Na Ramadhani iliyopita mlishona kanzu ngapi?" Binamu akamtazama tena fundi. Fundi akafungua daftari, akasoma idadi kwa Kiarabu, kisha akaongeza kwa Kiswahili alichookota kwa wateja: "Asante, mama." Kimya kikaingia. Binamu akasema, "Mimi ni mwenye duka, mama. Yeye ni fundi." Mama akasema, "Nimeona."

Msikilizaji, sina haja ya kuzunguka. Leseni ni ya binamu, na jina ubaoni ni lake, lakini duka si lake. Fundi ndiye anayenunua kitambaa, anayelipa kodi ya mlango na anayepata faida au hasara, na kila mwezi humpa binamu fungu lake kwa kuazima jina. Mtindo huu umeenea katika nchi za Ghuba, na huku huitwa biashara ya kificho. Wizara ya Biashara ya Oman ilitoa kanuni za kuupiga marufuku mwaka 2023, zenye adhabu ya faini na kufutiwa leseni. Wengi bado huuona kama njia ya halali ya kupata kitu bila kutoka jasho. Mimi nauona ni mtego kwa wote wawili. Fundi akikimbia, madeni ya duka humwangukia mwenye jina. Mwenye jina akikasirika asubuhi moja, fundi aliyetumbukiza akiba ya miaka kumi na moja hana karatasi ya kuonyesha kwamba hata sindano moja ni yake. Nilimtazama alivyokuwa akikunja daftari lake na kulirudisha chini ya meza, taratibu, kama mtu anayeficha pasi ya kusafiria.

Kutoka hapo hadi Sur njia inapita Bidiya, michanga ikiwa mkono wa kulia. Sehemu kubwa ya barabara hii sasa ni pana, na mama, aliyeipita zamani ilipokuwa ya vumbi na makorongo, alilala.

Sur ni mji wa majahazi. Hapa ndipo ilipoundwa mwaka 1951 ile ganja iitwayo Fath al-Khayr, ambayo leo imewekwa nchi kavu kwa ajili ya wageni kuitazama. Majahazi ya Sur yalikuwa yakiteremka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende na papa mkavu, na yakirejea na kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka Rufiji. Nahodha alikuwa na shehena yake, lakini baharia naye aliruhusiwa kubeba kidogo chake, mkeka, mtungi, kikapu cha tende, auze bandarini kwa faida yake mwenyewe. Biashara ndogo ndani ya biashara kubwa. Babu yetu alikuwa mmoja wao, na nyumba ya ukoo pale Sur, wanavyosimulia, ilianza kwa mikeka.

Katika nyumba hiyohiyo anaishi sasa mtoto wa binamu yangu wa kike, mwenye miaka 29, aliyeomba riyali 380 za kununulia oveni kubwa. Ana shahada ya uhasibu. Aliitafutia kazi miaka minne, kisha akawasha jiko. Ana leseni ya kufanya biashara nyumbani, na wateja humwagiza kwa simu. Anapika mandazi, mkate wa kumimina, sambusa na kaimati. Huamka saa tisa usiku kukanda unga, kwa sababu vyumba vya walimu katika shule tatu vinataka mandazi ya moto kabla ya saa moja na nusu, na wapo wafanyakazi wa kiwanda cha gesi cha Qalhat wanaopitia mlangoni wakielekea kazini. Mandazi kumi na mbili kwa riyali moja. Oveni ya nyumbani huingia mikate miwili tu ya kumimina kwa mara moja, na wiki za harusi hulazimika kukataa kazi.

Mama alimuuliza maswali yaleyale aliyomuuliza binamu. Bei ya gunia la unga, ya nazi ya kopo, ya mtungi wa gesi. Yule binti hakumtazama mtu. Alileta daftari. Upande mmoja matumizi, upande mwengine mapato, kila siku na mstari wake. Mama akavaa miwani, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwengine, mpaka akafika kwenye ukurasa wenye kichwa cha habari cha neno moja, "Jamaa". Majina kumi na manne. Sinia za sambusa za futari, mikate ya khitma, mandazi ya wageni wa Idi. Jumla, riyali 91 na baisa 400.

"Hawa umewadai?" akauliza mama.

"Bibi, nitawadai vipi? Ni wakubwa zangu."

"Basi mimi ni mkubwa wao."

Akaomba simu. Asubuhi ile ya Alhamisi, akiwa amekaa juu ya mkeka sebuleni, mama aliwapigia kumi na wanne wote, mmoja mmoja. Alianza kwa kuwajulia hali, watoto, wagonjwa, mvua. Kisha kila mmoja alimtajia kiasi chake hadi baisa ya mwisho. Hakumfokea mtu. Mmoja alisema alidhani ilikuwa zawadi. Mama akamjibu kwamba zawadi hutolewa na mtoaji, haichukuliwi na mpokeaji. Hadi adhuhuri riyali 52 zilikuwa zimeshaingia kwa njia ya simu, na yule binti alikuwa amejifungia jikoni kwa aibu, mumewe akicheka peke yake uani.

Mkopo uliandikwa usiku huo. Ipo aya ndefu katika Surat al-Baqara inayowaamrisha waumini kuliandika deni na kulishuhudilia, na mama husema watu wetu wameihifadhi kwa moyo lakini hawajapata kuisoma. Riyali 380 zitalipwa kwa riyali 20 kila mwezi, miezi kumi na tisa, kuanzia baada ya Ramadhani. Mashahidi walikuwa mimi na mume wa binti. Riyali 220 zilizobaki zikarudi katika bahasha.

Ijumaa, baada ya sala, tulirudi kwa njia ya pwani. Kutoka Sur hadi Muscat ni kilomita 200 hivi, bahari kulia na milima kushoto. Tuliipita Qalhat, bandari ya kale aliyofika Ibn Battuta baada ya kuitembelea Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, na iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tulisimama Quriyat kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, mwenye duka la vyakula karibu na ufuko.

Mjomba aliusoma ule waraka wa mkopo, akacheka. Wateja wake ni wavuvi. Tangu katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba uvuvi wa nguru hupigwa marufuku ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo mchele, chai na sukari huchukuliwa kwa mkopo. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu, mojawapo ya vimbunga vikali kabisa kupata kurekodiwa katika Bahari ya Arabuni, kiliipiga pwani hii. Maji yalijaa dukani kupita kimo cha mtu. Mchele ulioza, friji zilikwenda na bonde, na daftari la madeni halikuonekana tena.

"Wapo waliokuja wenyewe," alisema mjomba. "Mmoja nyumba yake haina paa, lakini alikuja akasema nina deni lako la riyali 37. Na wapo walioapa kwamba walikwisha kulipa."

"Na hao uliwafanyaje?" akauliza mama.

"Niliwafungulia ukurasa mpya, kama wenzao."

"Hata walioapa?"

"Hata wao. Sasa dada, ningemuuzia nani?"

Mama hakujibu. Alinunua mchele kilo tano ambao hatukuuhitaji, na mjomba akapokea fedha, kwani anamjua dada yake.

Tulipokaribia mizani ya taa za Muscat, mama alimpigia simu yule binamu wa kanzu. Alimwambia wazi kwamba sanduku halitompa kitu mwaka huu, na kwamba mwakani akija na daftari lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe atasikilizwa. Nilisikia sauti upande wa pili ikisema "Sawa", mara moja, na simu ikakatwa. Tangu siku ile hajampigia mama, na baadhi ya wazee walioridhia kabla ya safari sasa wanasema mtoto wa ami hakutendewa haki, maana yeye ana watoto watano na yule binti wa Sur ana mume.

Mama naye hakukaa kimya. Mwezi ujao kuna harusi katika ukoo, na amepeleka agizo la kanzu nane za wajukuu katika duka lile la binamu, kwa bei kamili, nusu amelipa kabla. Ameweka sharti moja, kwamba vipimo avichukue binamu mwenyewe kwa futi yake, si fundi. Watoto sita wameshapimwa. Wawili bado, na harusi ni wiki tatu tu zijazo.